Wanja wa Jani la Kangaga

Bi Mwaija binti Kibwana alikuwa hana dogo. Akipika wali wa nazi, mtaa mzima wa Mji Mkongwe utajua leo kwa Bi Mwaija kuna wali. Akimchora bibi harusi hina, habari zitafika Pangani kabla ya bibi harusi mwenyewe. "Nitajieni fundi mwingine mwenye mkono huu," husema, akiunyosha mkono wenyewe ili watu wauone vizuri. "Nitajieni mmoja tu, nimfuate nikambusu miguu." Hakuna aliyemtaja. Si kwamba mafundi wengine hawakuwepo Bagamoyo, walikuwepo tele, ila kila mtu alikuwa na shughuli zake, na kubishana na Bi Mwaija kulikula mchana kutwa.

Lakini wali na hina vilikuwa cha mtoto ukivilinganisha na Mardhiya. Huyo alikuwa binti wa marehemu kaka yake. Baba alipofariki na mama akaolewa Pangani, Bi Mwaija alimchukua mtoto angali anatambaa, akamlea, na tangu siku hiyo majirani hawakupumua. Mardhiya alipoota jino walielezwa. Alipohitimu Kurani walielezwa, wakalishwa na pilau juu yake. Alipofaulu kwenda sekondari ya bweni, Bi Mwaija alipita nyumba kwa nyumba kuaga, utasema anayekwenda shule ni yeye. Na mwaka huo wa sabini na moja, Mardhiya alipokuwa kidato cha tatu na akachaguliwa kuonyesha kazi yake kwenye maonyesho ya sayansi ya wilaya, loo! Watu walianza kupita njia ya nyuma.

"Mwanangu anachunguza jani," Bi Mwaija aliwaambia.

"Jani la nini?" waliuliza.

"Nyie mtajua nini hata nikiwaambia," alijibu, kwa sababu na yeye mwenyewe bado alikuwa hajaelewa.

Alielewa Jumamosi, wiki moja kabla ya maonyesho, Mardhiya alipokuja nyumbani kutoka bwenini. Uani kwa Bi Mwaija kulikuwa na kisima cha zamani, na kando ya kisima mtungi uliovunjika shingo. Ndani ya mtungi huo, pasipo kupandwa na mtu, uliota mmea wa kangaga, ile mimea ya penye majimaji isiyotoa ua wala mbegu. Vijani vyake vilikuwa vyembamba, vyenye umbo la upepeo wa kupepelea moto, na kila jani jipya lilichomoza likiwa limejikunja. Mardhiya aliwahi kuuhamishia shuleni mmea kama huo, ukakauka kwa jua la bwenini. Ndiyo maana safari hii kazi aliifanyia nyumbani.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Huko wanawapa nini, maharage matupu? Kaa ule kwanza."

"Nitakula, Shangazi. Jani linakua, haliningoji."

Alichuchumaa kando ya mtungi na sindano na kichupa cha wino mweusi, ule wa kuchorea ramani, aliopewa na mwalimu wake wa sayansi, Mwalimu Dija. Akachagua kijani kimoja kichanga, laini kuliko ngozi ya kope, akaanza kukitia vitone kwa ncha ya sindano. Alianzia kikonyoni, akaenda kwa mistari mpaka ukingoni, kila kitone mbali na mwenzake sawasawa. Bi Mwaija alimsimamia mgongoni. Alimtazama vile fundi anavyomtazama mwanafunzi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikosa cha kukosoa.

"Mkono umeurithi kwangu," alisema. "Haya, nieleze. Vitone vya nini?"

"Tazama hapa kwenye mwanga." Mardhiya alikiinua kijani kwa kidole, jua likapenya. Mle ndani mlionekana mishipa, myembamba kama nywele, ikitoka kikonyoni, ikigawanyika panda, na kila panda ikigawanyika tena. "Jani la mwembe mishipa yake inaungana kama wavu. Ya hili haiungani. Inapanda tu, inapanda, mpaka inafika ukingoni. Sasa darasani tunabishana. Wenzangu wanasema jani likiwa limejikunja lina mishipa yake yote, kama mkeka uliokunjwa: ukili wote umo, kilichobaki ni kukunjua. Mimi nasema sivyo."

"Wewe unasemaje?"

"Nasema ukingo wa jani ndio unaokua, unakwenda mbele. Na mishipa inaufuata nyuma. Ukingo ukipanuka, mshipa mmoja haumudu tena kulisha sehemu yote ile, basi unagawanyika. Ukipanuka tena, unagawanyika tena. Panda haikuwamo tangu mwanzo, inazaliwa njiani."

Bi Mwaija aliweka mkono kiunoni. Hilo lilimgusa kwenye kazi yake. "Mimi nikichora ua kiganjani naanza na mpaka. Mpaka kwanza, mishipa baadaye. Ukianza ndani utajikuta umeishiwa nafasi."

"Kwa sababu kiganja cha bibi harusi hakikui ukikichora, Shangazi. Mpaka wako umetulia. Mpaka wa jani unatembea."

Bi Mwaija alicheka mpaka kanga ikamvuka begani. "Mtoto huyu! Unatembea! Na vitone ndivyo vitatuambia?"

"Ndiyo. Nikilitazama tena siku ya maonyesho, kama wenzangu wana haki, vitone vyote vitakuwa vimeachana sawasawa, maana jani lote limetanuka. Kama nina haki mimi, vya karibu na kikonyo vitakuwa palepale vilivyo, na vya ukingoni vitakuwa vimetengana. Kazi yote ni hiyo. Kwa hiyo, Shangazi, nakuomba. Maji utautilia, lakini kijani hiki usikiguse. Na mtu mwingine asikiguse."

"Wallahi mkono wangu hautakigusa," Bi Mwaija aliapa.

Mardhiya alichora mishipa ya kile kijani kwenye karatasi kubwa, ilivyokuwa siku ile, akala, akalala, na Jumapili akarudi shule.

Jumatatu asubuhi akaja Chausiku kuteka maji. Chausiku alikuwa jirani wa ukuta mmoja, na yeye na Bi Mwaija walipendana kwa namna ile ya wanawake wawili ambao hakuna anayemkubali mwenzake. Alitua ndoo, akainama juu ya mtungi.

"Hii ndiyo kazi yenyewe ya Mardhiya? Hee! Kijani kizuri hiki! Kimenawiri, kinang'aa kama kimepakwa mafuta. Mtoto yule atakwenda mbali."

Kisha akateka maji yake akaenda zake. Bi Mwaija alibaki amesimama na ufagio mkononi. Amesifu, tena amesifu mara mbili, jani na mtoto, na hakusema mashaallah. Hakusema kabisa. Bi Mwaija alimsikiliza mpaka mlango ulipofungwa akitaraji neno hilo litatoka, halikutoka.

Alilitazama lile jani. Vile vitone vyeusi, sasa alivitazama kwa jicho lingine. Mtoto mchanga akizaliwa Bagamoyo hupakwa wanja kwenye paji la uso, doa kubwa jeusi, ili jicho la hasidi likwame pale lisimfikie mwenyewe. Mardhiya mwenyewe alipakwa, na aliyempaka ni huyuhuyu Bi Mwaija. Sasa hiki kichanga cha kangaga kina wanja wake, sawa, lakini wanja wenyewe ni mdogo, sindano tupu! Na tazama, pale ukingoni vitone vimeanza kuachia nafasi. Jicho lile limeshaanza kuula wanja!

"Mimi ndiye nimeachiwa mtoto," Bi Mwaija alijiambia. "Nikimwacha aliwe na husuda, nitamjibu nini Mardhiya?"

Akaingia ndani akatoka na kikebe cha wanja wake, ule wa masizi na mafuta aliousaga mwenyewe, na mwiba wa mndimu anaochorea vidole vya maharusi. Mkono haukuligusa jani, kiapo ni kiapo. Mwiba ndio uliogusa. Pale alipoona pengo, alijaza kitone, kidogo, safi, kilichofanana na vya Mardhiya hata mama wa jani asingejua tofauti.

Jumanne baada ya sala ya alfajiri alikwenda kutazama. Pengo jingine. Akajaza. Jumatano, pengo tena. Alijaza huku akisoma Kul-audhu zote mbili, sura za kinga. Alhamisi, vilevile. Ijumaa alikuwa amekwishamkasirikia Chausiku kiasi kwamba alipita barazani kwake bila kumwamkia, na Chausiku akauliza watu, jamani, nimemkosea nini yule mama? Hakuna aliyejua. Bi Mwaija yeye alijiona shujaa. Jicho linakula, yeye anajaza, jicho linakula, yeye anajaza, na jani linazidi kunawiri. Nani kama yeye?

Jumamosi, Mwinyimvua mwenye mkokoteni aliupakia mtungi juu ya gunia lenye majani ya mgomba, na Bi Mwaija akatembea ubavuni akimkemea kila penye jiwe. Alivaa buibui jipya, na ndani yake gauni la atlasi ambalo hakuna wa kuliona ila yeye mwenyewe, na hilo lilimtosha. Nyuma walifuata wanawake aliowaalika, kwa sababu aliona si haki mtoto ashinde pasipo mtu wa kupiga vigelegele. Hata Chausiku alikuja, ingawa hakualikwa.

Ukumbi wa maonyesho ulijaa. Wanafunzi walisimama nyuma ya meza zao, mmoja na sabuni ya mafuta ya nazi, mwingine na mtambo wa kugeuza maji ya bahari kuwa maji matamu. Mardhiya alisimama meza ya mwisho, sare imepigwa pasi. Mtungi uliwekwa mbele yake pale pale wakaguzi walipokuwa wanafika, hakupata hata nafasi ya kuutazama. Mkaguzi mkuu alikuwa Ndugu Sadallah, bwana wa elimu kutoka Dar es Salaam, mrefu, mpole wa sauti, na mkononi kioo cha kukuzia. Ilijulikana tangu asubuhi kuwa kazi moja tu ndiyo itakayochaguliwa kwenda Dar es Salaam kwenye maonyesho ya taifa, na mwenye kazi ataisimamia mwenyewe, mbele ya watu wa nchi nzima.

Mardhiya alieleza. Bi Mwaija, safu ya mbele, alimsikiliza akiitikia kwa kichwa kila neno kama aliyeliandika yeye. Ukingo unakwenda mbele. Mishipa inaufuata. Panda zinazaliwa njiani. Maneno yalitoka sawa, hayakugongana, na watu walinyamaza wakamsikiliza msichana wa mtaani kwao akizungumza kama mtu wa redioni. Kifua cha Bi Mwaija kilijaa. Alitaka kugeuka awaambie wote, mnaona? Mnaona lakini?

"Vizuri sana," alisema Ndugu Sadallah. "Sasa tuonyeshe vitone vilivyotengana."

Mardhiya aliinama juu ya mtungi, akakiinua kijani. Akakigeuza kwenye mwanga. Jani lilikuwa limepanuka kuliko alivyoliacha, lakini vitone vilikuwa vimejaa kila mahali, karibu karibu, kikonyoni sawa na ukingoni.

"Havikutengana," alisema polepole.

"Sivioni vikitengana mimi pia." Ndugu Sadallah aliinamisha kioo chake, akatazama kwa muda mrefu. Alipoinuka, upole ulikuwa umepungua usoni. "Binti, hivi vitone si vya siku moja. Vingine vimepauka, vingine vinang'aa bado. Vimeongezwa. Nani ameviongeza?"

Hapo, katika kufumba na kufumbua, Bi Mwaija alielewa kila kitu. Hapakuwa na jicho. Lile pengo alilolijaza kila asubuhi ndilo alilokuwa akilisubiri Mardhiya. Ndilo lililokuwa jibu lenyewe, na yeye amelifukia kwa wanja.

"Nani?" Ndugu Sadallah alirudia.

Mardhiya aliinua macho. Hakumtazama mkaguzi. Alitazama safu ya mbele, akamtazama shangazi yake usoni, kisha akamtazama vidole, pale kwenye ncha ya kidole cha shahada ambapo wanja wa Ijumaa ulikuwa haujatoka. Bi Mwaija alijua mtoto ameuona. Akangoja atajwe.

"Sijui, Ndugu," alisema Mardhiya.

"Hujui. Mmea ulikuwa kwenu, na hujui."

"Sijui."

Minong'ono ilipita ukumbini. Ndugu Sadallah alimgeukia Mwalimu Dija, ambaye alikuwa amesimama kando, uso umemshuka. "Mwalimu, utanisamehe. Kosa la kawaida ningeliachilia, kila mtu hukosea. Lakini kazi iliyochezewa siwezi kuipeleka Dar es Salaam. Na mwanafunzi anayechezea kazi yake kisha akasema hajui, hilo nalo itabidi shule ilitazame."

Sasa, Bi Mwaija alikuwa mtu wa kusema. Alisema sokoni, alisema misibani, alisema hata pale asipoulizwa. Lakini pale ulimi ulimfa ganzi. Nyuma yake wamekaa wanawake aliowaalika kwa mdomo wake mwenyewe. Pembeni yake Chausiku. Kesho habari itafika Kaole kabla ya jua kali, keshokutwa Msata: Bi Mwaija, fundi wa mafundi, kalipaka jani wanja kwa kuogopa jicho. Watacheka mpaka wazeeke. Akinyamaza tu, basi, hakuna atakayejua. Mtoto mwenyewe keshamfunikia.

Na hilo ndilo lililomchoma. Mtoto wake amesimama pale mbele za watu akiitwa mghushi, na kinywa amekifunga kwa ajili yake. Bi Mwaija alijiuliza, huu mdomo wangu niliokuwa nikimsifia nao mtaani, kazi yake nini basi, kama leo ndipo unaponyamaza?

Akasimama.

"Ni mimi."

Ukumbi mzima uligeuka.

"Nimesema ni mimi! Mnanitazama nini? Nyie hamjaona mtu?" Alitoka kwenye safu akaenda mbele, buibui likiburuza. "Ndugu mkaguzi, mtoto huyu hajaongeza hata kitone kimoja. Alikuwa shuleni. Aliniachia mimi, akaniomba nisiguse, nami nikaapa. Kisha nikakitia wanja, kila siku ya Mungu, tangu Jumatatu mpaka jana."

"Wanja?" Ndugu Sadallah alikunja uso. "Kwa nini, Mama?"

"Kwa ajili ya jicho. Kama anavyopakwa mtoto mchanga."

Kicheko kilianzia nyuma, kikaja mbele, kikaenea mpaka dirishani walikochungulia wapita njia. Chausiku alicheka mpaka akashika mbavu, kisha ikampitia kichwani jicho lililoogopwa lilikuwa la nani, akaacha kucheka ghafla. "Loo, Mwaija! Kumbe ndiyo maana huniamkii!" Hapo watu wakaanguka upya.

Bi Mwaija hakugeuka. Masikio yalimwaka moto, lakini hakugeuka. "Chekeni," alisema. "Chekeni mmalize, maana sijamaliza mimi. Ndugu mkaguzi, unadhani niliweka wanja popote tu? Mimi ni fundi, siweki mapambo pasipo nafasi. Nilikuwa najaza pengo. Kila asubuhi nikitazama naona vitone vimeachana, basi katikati natia kimoja."

Ndugu Sadallah alikuwa ameanza kugeuka aende zake. Alisimama. "Vimeachana wapi?"

"Ukingoni. Huku juu, upande wa ukingoni tu. Huku chini kwenye kikonyo sikuongeza hata kimoja, hapakuhitaji. Vilikuwa palepale alipovitia mtoto."

Kicheko kilikatika. Mardhiya alishika meza kwa mikono miwili. "Shangazi," alisema, "unaweza kuvitambua? Vyako na vyangu?"

"Kuvitambua? Kazi ya mkono wangu mwenyewe?"

Ndugu Sadallah alimpa kioo, Bi Mwaija akakisukuma kando. Alichukua sindano ya Mwalimu Dija na kuanza kuonyesha, hiki changu, hiki changu, hiki cha mtoto, hiki changu cha jana, na Mwalimu Dija akawa anatia alama kwenye karatasi kila anapoonyesha. Alipomaliza, Mardhiya alisema, "Vyangu ni vya wino wa ramani, Ndugu, umeshakauka. Vyake ni vya wanja wa mafuta. Tuupanguse tuone."

Walileta pamba. Mardhiya alilifuta jani mwenyewe, taratibu. Wanja ulitoka na pamba. Wino ulibaki. Na pale kila mtu aliyesogea aliona: karibu na kikonyo vitone vimebanana vile vile alivyovitia Jumamosi iliyopita, na kila ukielekea ukingoni vinaachana, vinaachana, mpaka mwishoni kabisa kuna ukanda mzima wa jani usiokuwa na kitone, mchanga, wa kijani hafifu. Ukanda huo Jumamosi iliyopita haukuwepo duniani. Ndugu Sadallah alitazama jani, akatazama karatasi ya Mwalimu Dija. Hakuna alama ya Bi Mwaija hata moja iliyokosea, na zote zilikuwa upande wa ukingoni.

"Nipatieni ule mchoro wa kwanza," alisema.

Mardhiya aliutandaza mezani. Kisha akakiinua kijani kwenye mwanga wa dirisha, akaeleza. "Mshipa huu, Ndugu, siku ile ulifika ukingoni ukiwa mmoja. Leo umekipita kitone changu cha mwisho, ndipo ukagawanyika. Na huu hivyo hivyo. Na huu. Panda zote mpya ziko kwenye ule ukanda mpya. Hakuna panda hata moja iliyozaliwa huku nyuma. Ukingo ulitangulia, mishipa ikaufuata, na ukingo ulipopanuka, ikagawanyika."

"Na Mama hapa," alisema Ndugu Sadallah, "alikuwa akiushuhudia ukingo ukitembea kila asubuhi, akidhani ni husuda."

"Basi mimi ningejuaje?" Bi Mwaija alidakia. "Mtoto alisema unatembea, hakusema unakimbia!"

Safari hii hata Ndugu Sadallah alicheka. Lakini alipotulia alikuwa mtu wa kazi tena. "Kazi itakwenda Dar es Salaam, kwa sharti. Mtachukua jani jingine changa, muanze upya, na safari hii hata nzi asitue juu yake. Jani hili nalo mtalileta, pamoja na karatasi ya alama za Mama, maana nimekaa katika kazi hii siku nyingi na sijapata kuona ushahidi wa namna hii." Kisha alimgeukia Mardhiya, akashusha sauti, ingawa kila mtu alisikia. "Binti. Nilipokuuliza nani, ulijua?"

Mardhiya alitazama chini. "Nilijua, Ndugu."

"Nami nilikuwa nakaribia kukuharibia jina. Mbona hukusema?"

"Jani litaota jingine, Ndugu," alisema Mardhiya. "Ningesema, angeaibika mbele ya watu aliowaleta kunitazama. Na mimi huyu ndiye mama yangu. Sina mwingine."

Bi Mwaija alifungua kinywa. Wote waliomjua walingoja, maana haijapata kutokea mtu akasema neno la mwisho mbele yake. Hakikutoka kitu. Alimvuta mtoto kifuani pale pale mbele ya mkaguzi na mtungi na wilaya nzima, akalia kwa sauti, machozi yakilowesha buibui jipya, wala hakujifunika. Chausiku alimsogelea akampa ncha ya kanga yake ajipanguse.

Aliipokea, akajipangusa, akamtazama Chausiku, akawatazama na wengine wote.

"Nalia," alisema. "Nalia kwa raha zangu. Nani ana neno?"